Hawa mabalozi wa intanshipu kampasini, mipaka yao iko wapi?

Kila mwaka ikikaribia Mei, ukiingia kwa grupu yoyote ya WhatsApp ya wanafunzi huku kwetu, iwe ya Maseno, ya Masinde Muliro pale Kakamega, ya Egerton Njoro ama ya poli ya Kisumu, utapata posta za intanshipu zimejaa mpaka tangazo la CAT, ile mitihani ya katikati ya muhula, limepotelea huko juu. Wa mwaka wa tatu wanatafuta atachi, yale mafunzo ya kazini, juu bila hiyo kozi haimaliziki, waliomaliza wanatafuta intanshipu yenye iko na kitu kidogo cha mfuko, na hapo katikati kuna mtu mmoja amevaa T-shati mpya, anaitwa balozi wa wanafunzi, yeye ndiye anapost linki, yeye ndiye anaitisha mkutano chini ya mti pale Siriba, yeye ndiye anaulizwa maswali saa tano usiku. Ni komredi kama wao. Analala hosteli moja nao pale Sichirai ama Njokerio, wanakopeshana sukari, na watu wanamwamini kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya hiyo programu yenyewe, programu hata hawaijui.

Sasa mimi nataka tuongee juu ya hiyo imani, manake ndio inatumika hapa. Kampuni ama shirika likitaka kufikia wanafunzi linaeza lipa tangazo kwa redio, linaeza bandika posta kwa ubao wa mkuu wa wanafunzi, lakini limeona ni rahisi zaidi kumchukua mtoto mmoja mwenye watu wanamjua, limpe jina la balozi, halafu jina lake ndilo lifanye kazi. Sioni ubaya wa hiyo peke yake. Ubaya unaanza pale hakuna mtu amemwambia huyo balozi kazi yake inaishia wapi, na nikiangalia vile mambo yanaendeshwa huku, wengi hawajaambiwa kitu. Mimi msimamo wangu ni huu: balozi aeleze, aonyeshe watu mahali pa kuaplai, akae kando. Asishike pesa ya mtu, asishike kitambulisho cha mtu, asimwahidi mtu nafasi. Na mwenye anapaswa kuchora huo mstari ni programu iliyomtuma, si yeye.

Kabla sijafika huko kwa mipaka, lazima niseme vile balozi mzuri anasaidia, juu kuna watu wanataka hii kitu ipigwe marufuku kabisa na wanakosea. Fikiria mtoto ametoka Budalang'i ama ndani ndani Kuria, kwao hakuna mtu amewahi andika CV, mzazi wake anaamini kazi ya serikali inapatikana kwa kujuana tu na hakuna njia ingine. Huyo mtoto akikaa na balozi dakika ishirini anaeza jua kwamba kuna programu ya intanshipu ya Tume ya Utumishi wa Umma, ile PSC, inachukua waliohitimu kwa miezi 12, imekuwa ikilipa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kuaplai ni kwa tovuti yao wenyewe bila kulipa hata bob. Anaeza jua kuna vitu kama Google Summer of Code, iko tangu 2005, unafanya kazi na miradi ya programu huria, zile za kompyuta zenye kodi yake iko wazi kwa wote, ukiwa hapo hapo kwenu, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi hata. Kuna Outreachy, hiyo nayo ni ya watu wenye wamekuwa wakiachwa nje ya mambo ya teknolojia, miezi mitatu, dola 7,000 kwa jumla, unafanyia nyumbani. Ni watoto wangapi pale Bondo ama Kibabii wamewahi sikia hizi vitu kabla mtu wa rika lao awaambie? Mwalimu darasani hana huo wakati, na posta ya Kiingereza kigumu haiwezi kaa chini na mtu imwonyeshe mahali pa kubonyeza.

Na kuna vitu posta haisemi kabisa, lakini mtu mwenye amepitia anaeza sema. Kwamba bando ya wiki haitoshi ukiwa na mikutano ya video. Kwamba stima ikipotea na laptopu yako betri imekufa, huko mbali hawajui Kisumu stima hupotea, wanaona tu hukutokea, kwa hivyo waambie mapema. Kwamba mshauri wako anaeza kaa siku mbili bila kukujibu na si kwamba amekukataa. Kwamba intanshipu ya Nairobi yenye hailipi, kwa mtoto wa Nyakach asiye na mjomba Nairobi, maana yake ni kutafuta nyumba, kutafuta nauli ya kila siku, kutafuta chakula cha miezi mitatu, na mzazi ndiye atalipa. Balozi akiyasema hayo amefanya kazi ambayo hakuna ofisi ingeifanya vizuri kama yeye.

Tena huyo balozi anafaa kuwa na uhuru wa kumwambia mtu usiaplai. Hii wengi hawaipendi lakini ndio kipimo changu. Outreachy kwa mfano inataka masaa 30 kwa wiki na inakuuliza ratiba yako ya chuo, sasa wewe uko katikati ya muhula, uko na yuniti saba na mitihani, unaeza maliza muda wako wote ukifanya michango ya majaribio, yaani kazi ndogo ndogo unafanyia mradi kabla uchaguliwe, halafu uanguke kwa swali la ratiba tu. Balozi mwenye anajua hiyo na anakuambia ngoja raundi yenye itaangukia likizo yako, huyo anakujali. Balozi mwenye anakuambia aplai tu tuone, huyo anahesabu vichwa.

Na hapo kwa kuhesabu vichwa ndio nataka tukae kidogo.

Programu nyingi zinampa balozi malengo: lete watu mia, lete watu mia mbili, linki yako iko na namba yako, kila mwenye ameingia kupitia hiyo linki unapata pointi, pointi zikifika mahali fulani unapata hudi, zikizidi unapata cheti, zikizidi zaidi unapata pesa. Mtu akilipwa hivyo anakuwa kama manamba pale stendi ya Kisumu, anaitia gari yenye haendeshi, analipwa ikijaa, na ikiharibika Mau Summit yeye hayuko. Manamba hana sababu ya kukuambia tairi imeisha. Si kwamba ni mtu mbaya, ni vile tu amelipwa kufanya gari ijae na si wewe ufike.

Hii kitu ilishajaribiwa mbele ya dunia nzima tukaona matokeo. Kuna shindano la kila Oktoba linaitwa Hacktoberfest, la DigitalOcean, mtu alikuwa anapata T-shati akituma michango minne ya kazi, si ya pesa, kwa miradi ya programu huria. Nia nzuri kabisa. 2020 video moja ya YouTube ikaonyesha watu vile ni rahisi, na wenye miradi wakaamka wakapata wamefurikiwa na michango ya ovyo, mtu anaongeza neno moja lisilo na maana kwa ukurasa, anatuma, anataka T-shati yake. Watu wanaojitolea, wasiolipwa, wakakaa kufagia takataka. Waandaaji walilazimika kubadilisha sheria shindano likiendelea, mradi ukawa lazima ukubali wenyewe kuingia ndio mchango uhesabiwe. Ukilipa idadi utaletewa idadi. Na mwenye anaumia zaidi ni yule mwanafunzi mmoja mwenye alikuwa ametuma kazi ya maana wiki hiyo hiyo, yake imezama kwa ile rundo na mwenye mradi amechoka hata kufungua.

Sasa lete hiyo huku. Balozi wa huku hashindanii T-shati peke yake, anashindania kitu cha kuweka kwa CV yake katika mji ambao kazi hakuna, kwa hivyo presha ni kubwa zaidi. Nimeonyeshwa mazungumzo ya simu ya msichana mmoja, nayaweka hapa vile yalikuwa bila majina:

"Omera, hii kitu inalipa?"
"Inalipa poa sana."
"Kama ngapi?"
"Wewe aplai kwanza, mengine utaelezwa mbele."
"Na ni Kisumu ama Nairobi?"
"Siz, nafasi zinaisha. Dedilaini ni leo."

Angalia vizuri hapo. Huyo kijana hakudanganya kwa makusudi, hakuwa anajua. Ukimuuliza alifunzwa nini na waliomteua, alipewa posta, akapewa maneno ya kupost, akapewa hashitegi. Hakuna mtu alimpa kiwango cha pesa, mahali pa kazi, ni nafasi ngapi, nani anachagua. Basi pale hajui amejaza na "poa sana", na pale ameulizwa mara ya pili ameleta dedilaini. Angekuwa ameambiwa kwamba kusema "sijui, ngoja niulize" ni sehemu ya kazi yake, hayo mazungumzo yangeenda njia ingine.

Na swali la "kama ngapi" si swali la tamaa, Kenya hii intern ni jina moja lenye bei tofauti tofauti. Walimu intern wa JSS, ile sekondari ya chini, walikuwa wanalipwa 20,000 kwa mwezi. Madaktari intern mkataba wa 2017 uliwapa 206,000 na kitu, 2024 serikali ikasema ni 70,000, na hiyo ikawa moja ya sababu za mgomo wa karibu miezi miwili. Wengine hawalipwi kabisa na wanaambiwa wanapata uzoefu. Kwa hivyo posta ya intanshipu yenye haina namba ya pesa, ama haijaandikwa wazi kwamba hakuna malipo, balozi aikatae kuipost mpaka iandikwe. Hiyo ni haki yake na ningependa kila mmoja ajue ako nayo.

Pesa sasa. Hapa sina maneno mengi juu hakuna cha kubishana. Balozi asipokee pesa ya mtu yeyote kwa sababu yoyote, si ya usajili, si ya mafunzo, si ya medikali, si ya "kushughulikia faili", si kwa namba yake ya M-Pesa, si ya kumpelekea mtu mwingine. Mtu akihitaji KRA PIN, ile namba ya ushuru, ni bure. Akihitaji good conduct, ile cheti ya polisi, pesa yake inalipwa serikali kupitia eCitizen, haipiti kwa simu ya komredi. Najua wengi wanasema ni kusaidia tu, huyu hana bando wacha nimlipie atanirudishia, na najua wanamaanisha, lakini matapeli wanatumia njia hiyo hiyo na maneno hayo hayo, na mama mwenye anauza mchele Ahero akiambiwa na mtoto wake tuma elfu mbili ya intanshipu, yeye atatofautisha vipi? Ikiwa mabalozi wote wa kweli hawashiki pesa kamwe, basi yeyote mwenye ameitisha pesa anajulikana hapo hapo ni tapeli. Mmoja akishika hata kwa nia nzuri amewaharibia wengine wote hiyo alama.

Halafu kuna hizi fomu. Fungua moja tuangalie. Jina kamili, sawa. Barua pepe, sawa. Namba ya simu, haya. Namba ya kitambulisho, kwa nini? Picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Jina la mzazi na simu yake. Kaunti ya nyumbani, dini, tarehe ya kuzaliwa, matokeo ya KCSE. Na chini kabisa, fomu haijatengenezwa na programu, imetengenezwa na balozi mwenyewe kwa akaunti yake ya Google ndio aweze kufuatilia watu wake, sasa vitambulisho vya watu mia mbili viko kwa simu ya kijana wa miaka ishirini na moja, simu yenye huenda ikaibiwa Kondele kesho jioni. Na ukijua vile watu hukopewa mikopo ya simu na kusajiliwa laini kwa vitambulisho vyao bila wao kujua, utaelewa kwa nini hii inaniudhi kuliko hata hiyo pesa, elfu mbili inaisha siku moja lakini kitambulisho kinaendelea kukutesa.

Tuko na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ukichukua habari za mtu uchukue zile tu unahitaji, kwa sababu uliyomwambia, na uzilinde. Ofisi ya kamishna wa data imeshapiga watu faini pia, Septemba 2023 shule moja iliambiwa ilipe 4,550,000 kwa kupost picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja Nairobi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Mabalozi hupiga picha kila mkutano na kuzipost kama ushahidi wa kazi, watu hawajaulizwa. Mtu aulizwe. Na kitambulisho kiwekwe na mwenye anaaplai mwenyewe, moja kwa moja kwa tovuti ya programu, siku amechaguliwa na si siku ya kwanza.

Kuna mpaka mwingine haupendi kutajwa huku, wacha niutaje. Vyuo vyetu viko na vyama vya wanafunzi vya kaunti, watu wa Siaya wako na chao, Bungoma wako na chao, Kisii, Turkana, wote, na ni vitu vizuri, vinazika watu na kuchangia karo. Lakini balozi akipata linki na nafasi ni chache, mara nyingi inaanzia kwa grupu ya kaunti yake, halafu marafiki, halafu darasa, na kwa wengine inafika imebaki masaa mawili. Hajaiba kitu, lakini yule mtoto mwenye mzazi wake alisema kazi ni kujuana ameona kwa macho yake kwamba ni kweli. Linki ipostwe mahali pa wote kwa wakati mmoja, na ofisi ya atachi ya chuo ipewe nakala siku hiyo hiyo. Na kama balozi mwenyewe pia anaaplai hiyo nafasi, aseme mbele ya watu. Si aibu, ila watu wajue mwenye anawapa ushauri anashindana nao.

Kuandikiana aplikesheni nayo? Kusoma ya mwenzako na kumwambia hapa hujaeleza, hiyo ni sawa kabisa, hiyo ndio kazi. Kumpa yako aibadilishe jina, ama kumwandikia kwa mia tano, hapana. Kwa hizi programu za kimataifa wanaochagua ni washauri wa miradi, wanasoma pendekezo baada ya pendekezo, wakipata kumi na mbili zenye zinafanana kutoka chuo kimoja watakachokumbuka ni jina la chuo, na mwaka unaofuata atakayelipia ni mtoto mwenye hakuhusika.

Mpaka hapa nimekuwa nikimwekea balozi mipaka, lakini yeye pia anahitaji ulinzi. Huyu ni mwanafunzi. Anatumia bando yake, nauli yake ya kutoka Maseno mpaka Kisumu kuchukua mabango, usiku wake wa kusoma. Kampuni inapata matangazo ya bei rahisi kuliko bei yoyote sokoni na inamlipa cheti. Mimi naona alipwe pesa kidogo ya kujulikana kila mwezi, nauli na bando, ilingane awe ameleta watu kumi ama mia tatu, na wiki za mitihani awachwe apumzike. Apewe barua yenye imeandikwa kile anaruhusiwa na kile haruhusiwi, apewe namba ya mtu halisi wa kupigia simu, mtu anayeshika, na kila posta iwe na maneno kwamba balozi hapokei pesa wala hachagui mtu. Chuo nacho kiwe na orodha ya mabalozi wote wanaotembea na jina la programu ndani ya kampasi, manake mambo yakiharibika ni mkuu wa wanafunzi ndiye anaamshwa, na saa hii hajui hata ni akina nani.

Na mambo huharibika zaidi wakati wa matokeo. Watu mia tatu wameaplai, wamechukuliwa wanne, na wale wengine programu imewanyamazia tu. Kimya kama hicho huwa kinamwangukia balozi, anaulizwa kwa lifti ya hosteli, anaulizwa kwa foleni ya meza ya chapati, "si ulituambia?", na yeye hana jibu juu hata yeye hajaambiwa. Wengine wanaanza kubuni, wanasema wiki ijayo, wanasema kuna raundi ya pili, na kuna mtu amekataa nafasi ya atachi hospitali ya kaunti akingoja hiyo raundi ya pili yenye haipo. Programu ndiyo inajua nani ameingia na nani amekosa, kwa hivyo imwandikie kila mmoja yenyewe, hata kama ni laini mbili, na iandike mapema mwezi wa nne wakati kaunti na viwanda bado vinachukua watu wa Mei, manake baada ya hapo mwenye alikuwa anangoja anaingoja atachi mpaka mwaka mwingine.